Konzi ya Mama

Kaka yangu Zakiamlova alipiga hesabu mezani,
miwani puani, wino mwekundu:
"Miaka minne, Rokima. Minne tu.
Vumilia pale Hazina ya Serikali,
upate pensheni mpaka kaburini,
na mjane wako aipate baada yako.
Akiba haiozi," akasema,
akaipigia mstari mara mbili.

Sikuwa na jibu la wino.
Nilimsikia mama jikoni
akifanya alichofanya tangu sijazaliwa:
kabla mchele haujaoshwa,
konzi moja huingia kwenye kopo la bati kando ya meko.
Hiyo si yetu.
Jumamosi wanawake wa kanisa hupita na gunia,
mchele huuzwa, na fedha yake hutuma watu
kwenye mabonde wasiyoyaona wao.
Ndivyo wanavyolipwa waliotumwa, huku kwetu Mizoram:
kwa ngumi za wapishi.

Jumatatu niliandika barua ya kuacha kazi.
Karani mwenzangu alidhani nimepata cheo Delhi,
akaniomba nisimsahau.

Tulivuka mto Siang kwa daraja la kamba na waya,
Biakmawii mbele, mtoto mgongoni,
mimi nyuma na sanduku la vitabu vya shule
na Biblia yenye jalada la zipu.
Sikumwambia mtu kilichokuwa ndani ya zipu ile.

Mvua ya mwezi wa sita ilimeza barabara.
Mshahara haukuja. Wa saba, haukuja.
Wa nane tulikula machipukizi ya mianzi
mpaka mtoto akauliza kama sisi ni panya.
Homa ikamshika.
Tamut wa duka la dawa alitoa vidonge kwa deni,
akaandika jina langu ukutani kwa mkaa
chini ya majina ya walevi.

Usiku huo nilifungua zipu.
Kitabu cha benki. Rupia elfu tisini.
Jina langu, peke yangu.
Biakmawii aliinua taa akasoma.
Hakulia. Alicheka kidogo, kwa uchovu:
"Kumbe tulikuwa wanne safarini."
Na benki ilikuwa ng'ambo ya maporomoko matatu,
mwendo wa siku mbili kwa barabara isiyokuwepo.

Nimehubiri, Bwana, habari za mana
iliyofichwa hadi asubuhi ikatoa mabuu,
huku yangu nimeibana kwapani.
Akiba haiozi, kaka, ulisema kweli.
Mimi ndiye niliyekuwa nanuka.

Asubuhi Oyin, jirani asiyewahi kukanyaga ibadani,
alitua kikapu cha ulezi mlangoni.
Alisema nimlipe kwa kumfundisha bintiye
hesabu za kutoa;
za kujumlisha anazijua.

Sisemi ulikuwa muujiza.
Ulezi ule ulikuwa na vijiwe, tulivunja jino.
Homa ilishuka siku ya tano, labda kwa vidonge.
Nusu ya deni bado iko ukutani kwa Tamut,
na zile elfu tisini sijui bado nizifanyeje:
kitabu kinakaa rafuni, karibu na chumvi,
kila anayeingia anakiona.
Usiku mwingine huamka nikakitazama.
Nawe unanitazama nikikitazama.

Mwezi wa kumi barabara ilifunguka, barua ikafika.
Dada anaandika kwamba mama ameanza kusinyaa,
vidole havikunjuki vizuri,
na konzi yake sasa ni kama ya mtoto,
ila hajaruka mlo hata mmoja.
Mshahara nao umepungua kidogo.
Niliupima mkononi, nikajua umepungua kwa kiasi gani.

Jikoni Biakmawii anapima mchele wa jioni.
Kabla ya kuosha, anasita,
anachota konzi moja,
anaitia kwenye kopo tupu la maziwa.
Sijamuuliza ni ya nani.